Maisha ya Sikio, Aliyezijua Chupa kwa Mlio

Marehemu, ambaye majina yake kamili mmeyasoma langoni na ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa majina hayo bali kwa lile la Sikio, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, ambako, kwa maelezo ya kaka yake mkubwa, alizoea kulala huku msumeno ukilia na kuamka pale tu msumeno uliponyamaza. Tarehe hiyo imetoka kwenye cheti, haikutoka kwenye kumbukumbu ya mtu, na ndivyo ilivyo kwa tarehe zote zitakazosomwa hapa, isipokuwa mbili ambazo ni za kukadiria na zitatajwa hivyo zitakapofika.

Familia inaomba uvumilivu wenu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko ilivyozoeleka. Kwenye kikao cha maandalizi cha juzi walikuwepo walioshauri kwamba ugonjwa wake utajwe kwa sentensi moja, kwamba aliugua kwa muda mrefu na hakuweza kuzungumza, na mengine yaachwe, maana ya ndani hayaanikwi uani. Sentensi hiyo si ya kweli, marehemu aliishi miaka sita akiikataa, kwa hiyo sisi wanawe hatutaisoma mbele ya jeneza lake.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, na huko herufi hazikumkubali. Alitazama ubao kama wenzake, akaona mistari kama wenzake, lakini mistari hiyo ilimtoroka kabla hajaishika, na mwalimu wake wa darasa, baada ya kubembeleza na baada ya kuchapa, akamhamishia benchi la nyuma karibu na mlango. Hata hivyo jedwali la kuzidisha alilijua lote hadi kumi na mbili, kwa sababu darasa liliimba jedwali kila asubuhi, na chochote kilichoimbwa kiliingia kichwani mwake mara moja kikakaa. Siku moja ya mwaka 1965 au 1966, na hii ndiyo ya kwanza kati ya tarehe mbili za kukadiria, mwalimu alimsimamisha akamuuliza saba mara nane ni ngapi, akanyamaza, darasa likaangua kicheko, kisha yeye akaanza kuimba jedwali la saba tangu mwanzo, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka alipofika mara nane akatoa hamsini na sita bila kusita, na mwalimu akamwambia, “Kaa chini, kasuku wewe, kuimba si kujua.” Alikaa chini, na tangu siku hiyo hakuimba tena mbele ya mtu kwa zaidi ya miaka hamsini. Kadi yake ya mwisho, ya darasa la nne, Novemba 1967, tunayo mpaka leo, na sehemu ya maoni ina maneno matatu tu, nayo ni, “Mzito, hafundishiki, aondoke.”

Akaondoka akiwa na miaka kumi na mmoja, akarudi karakanani kwa baba yake, ambako alifagia, akachemsha gundi, na akajifunza kugonga ubao kwa kifundo cha kidole ili kujua kama umekauka au bado una maji ndani. Baba yake, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliwaambia wateja kwamba ubao ambao binti huyu ameukataa asiuziwe hata adui.

Tarehe 5 Machi 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha soda akiwa muoshaji wa chupa. Kwa wasiojua kazi hiyo, chupa zilizorudi kutoka madukani zilipitishwa kwenye maji ya moto na magadi, zikapangwa mezani, zikatazamwa mbele ya taa, kisha zikaenda kujazwa, na chupa yenye ufa mwembamba kama unywele shingoni, ambao taa haiuoni, ilipokutana na gesi ilipasuka, ikamkata mtu. Mwezi wa pili wa kazi yake, msimamizi wa zamu alimkuta ana kijiti cha mbao mkononi, anagonga kila chupa mara moja, nyingine anaipitisha, nyingine anaitupa, akamuuliza kwa ukali nani amemruhusu kutupa chupa nzima za kiwanda, akajibiwa kwamba si nzima. Msimamizi akakusanya chupa ishirini pale pale, akaamuru zijazwe mbele ya zamu yote ili amfukuze akiwa na ushahidi, chupa kumi na saba zikapasuka moja baada ya nyingine, na msimamizi, akiwa ameloa soda mpaka kwenye soksi, akasema angalau hizi tatu alizitupa bure. Muoshaji akazigonga zile tatu akasema, “Hizi sikuzitupa mimi, bosi, hizi umezichukua pale mezani ukazichanganya,” na ilikuwa kweli. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Sikio.

Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Ilikadiriwa na wenzake, si na sisi, kwamba hakuna mkono uliokatwa kwenye zamu yake tangu 1981 hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2008, na kwenye karatasi za kiwanda, siku ya kwanza hadi ya mwisho, cheo chake kiliandikwa muoshaji, kwa sababu cheo cha mkaguzi kilidai cheti cha darasa la saba. Tunalitaja hili bila kinyongo, lakini tunalitaja.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980 na mpakiaji kreti wa kiwanda hicho hicho, mtu mrefu, mpole, mcheshi, aliyependa kuimba akiwa kazini na ambaye sauti yake, kwa ushahidi wa watu wengi, ilikuwa kama kreti linaloburutwa sakafuni. Inasimuliwa kwamba Sikio alimfuata kwenye ghala akamwomba kwa heshima zote anyamaze, naye akajibu kwamba atanyamaza akikubaliwa uchumba, na Sikio alipokubali, yeye hakunyamaza. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1982, ambaye ni fundi umeme, wa pili mwaka 1986, ambaye ni muuguzi na anaishi mbali, na wa tatu, binti, mwaka 1997, ambaye ndiye anayewasomea. Mume alitangulia tarehe 8 Mei 2011, na kwa mwaka mzima baada ya hapo mjane wake alilalamika kwamba nyumba imekuwa na ukimya usio na adabu.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa.

Tarehe 9 Juni 2017, siku ya Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi, akiwa jikoni anaosha vikombe, alipata kiharusi, kikombe kikaanguka, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Alilazwa siku ishirini na tatu. Likabaki neno moja tu mdomoni mwake, neno “kesho”, na kila alichoulizwa alijibu kwa hilo. Daktari alimwonyesha kalamu akauliza hii ni nini, akajibu kesho, akamuuliza jina lake, akajibu kesho, akamwambia anyanyue mkono, hakunyanyua, na fomu ya kuruhusiwa ya tarehe 2 Julai ikaandikwa, “Haongei. Haelewi anachoambiwa.”

Nyumbani tulitenda kosa ambalo hatutalificha. Tulimpelekea chakula, tukamuuliza kama atakula, akasema kesho, na kwa kuwa maisha yetu yote mama yetu alikuwa mtu wa neno moja ambaye hapingwi, tuliichukua sahani tukaondoka nayo. Siku ya pili tukauliza tena, akasema kesho, tukaondoka nayo tena, huku tukisifiana kwa kumheshimu. Siku ya tatu jirani yetu fundi cherehani aliingia kumjulia hali, akayaona macho yake yanavyoifuata sahani inayotoka mlangoni, akatufokea, “Nyie watoto mna akili kweli? Mgonjwa anakufa njaa mnangoja kesho yake! Lete hapa!” Akamlisha, na sahani ikarudi tupu. Kwa hiyo fomu ilipoandika kwamba kuna mtu haelewi katika nyumba ile, haikukosea kabisa, ila ilikosea mtu.

Siku ya Jumamosi au Jumapili mwisho wa mwezi huo wa Julai, na hii ndiyo tarehe ya pili ya kukadiria, fundi cherehani alikuwa ameketi barazani kwetu akipinda sketi za sare za shule, akiimba wimbo wa zamani wa kubembeleza watoto, na Sikio, aliyekuwa kitini dirishani, akaingia katikati ya ubeti, sauti ikiwa na kutu ya nusu karne lakini imenyooka, na maneno yote yakiwa mahali pake, kila silabi. Fundi aliacha mkasi ukaanguka, akapiga kelele, “Jamani njooni, mama yenu anaimba, na maneno yamo!” Tukaja mbio, tukamuuliza, “Mama, umesemaje?” akatutazama akasema, “Kesho.”

Habari zilimfikia kaka yake mkubwa, yaani mjomba wetu, ambaye ukoo mzima humwita Mwenyekiti kwa kuwa hata wakikaa watu wawili yeye hufungua kikao. Alikuja, akamsikiliza akiimba wimbo ule ule, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema, “Msijipe matumaini, wanangu, huo ni ukasuku tu. Hata kasuku huimba.” Hakuwahi kusimuliwa maneno ya yule mwalimu wa mwaka 1965 au 1966. Sikio, ambaye alikuwa ameketi hapo hapo, aligeuza uso akatazama ukuta, na watu wakaichukua kuwa dalili nyingine kwamba haelewi.

Binti yake wa mwisho wakati huo alikuwa chuo kikuu, akaenda maktaba, akasoma, akasoma tena ili ahakikishe, kisha akaenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, mwanamke mnyamavu mwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, ambaye alimweleza kwa lugha rahisi kwamba usemi, kwa watu wengi, hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, lakini wimbo hutawanyika pande zote mbili, hivyo daraja moja likivunjika, lingine linaweza kuwa bado limesimama, na kazi ni kumfundisha mtu kuvuka kwa pale palipobaki. Hakuahidi kitu. Alimfundisha Sikio kugonga meza kwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa silabi moja, na kulipandisha neno juu ya sauti mbili, ya juu na ya chini. Neno “maji” lilichukua siku tisa. “Chai bila sukari” ilichukua wiki kumi na moja, na siku ilipotoka nzima mtaalamu alitoka nje ya chumba, akarudi macho yakiwa mekundu, akasema ni vumbi.

Jambo ambalo hata mtaalamu hakulitarajia ni hili, kwamba sauti mbili hazikumtosha. Alianza kuzikataa, akaweka zake, na kila jambo alilotaka kulisema akalitungia mwendo wake wa kuimba, maji kwa mwendo wa maji, dirisha kwa mwendo wa dirisha. Mwanawe fundi umeme alimletea chupa kumi na tatu na jagi la maji, akakaa naye akiwa na simu inayopima mlio, na mama alimimina, akagonga, akapunguza kijiko kimoja, akagonga, kisha akaiweka, na kila simu ilipoletwa kupima, mshale ulisimama katikati, sauti ikiwa kamili. Mwanamke aliyeandikwa hafundishiki, ambaye hakuwahi kuwa na ala ya muziki wala kuimba kwenye kwaya yoyote, alitunga kati ya Novemba 2017 na mwaka huu nyimbo arobaini na moja, ambazo zote zimerekodiwa kwa tarehe. Je, kipawa hicho kililetwa na kiharusi, au kilikuwemo siku zote kikikagua chupa? Wataalamu tuliowauliza hawakukubaliana. Sisi tuna jibu letu, na waliofanya naye kazi wanalijua.

Tarehe 16 Septemba 2018, Jumapili, saa tisa alasiri, Mwenyekiti aliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwetu, watu kumi na mmoja, viti sita vikiwa vya kuazima. Hoja ilikuwa kwamba Sikio ahamishiwe kwenye kituo cha kulelea wasiojiweza, kwa kuwa watoto wana kazi na masomo, na nyumba yake ifungwe. Haki itendeke kwa mjomba wetu, kila wiki tangu kiharusi alikuwa amemletea dada yake ndizi na kumkata kucha kwa mikono yake mwenyewe, na alilolitaka alilitaka kwa mapenzi. Lakini alisema, dada yake akiwa ameketi dirishani hatua tatu kutoka kwake, “Tusimsumbue kwa kumuuliza, haelewi, tuamue sisi kwa niaba yake. Wanaokubali wanyooshe mikono.” Ikanyooka mikono minane. Na dirishani, polepole, ukanyooka mkono wa kushoto wa Sikio, na Mwenyekiti uso ukamng'aa, akasema, “Mnaona! Hata mwenyewe anakubali, andikeni tisa.”

Sikio akaushusha mkono ule kwenye ubavu wa kiti, akagonga mara tatu, akaimba, “Si-e-ndi.”

Akagonga tena, akaimba kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, wala redioni, wala barazani, wala kwa mtaalamu, “Nyumba yangu. Mimi nipo. Siendi.” Mjomba akasimama akaanza kusema, “Lakini dada yangu,” naye akamkatisha, sauti ikipanda ngazi moja juu, “Kaka, kaa chini.” Shangazi mmoja alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, na Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza katika maisha ambayo ukoo huu unayakumbuka, akakaa chini kabla ya kufunga kikao. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, “Kasuku huimba alichosikia. Hili nani alimwimbia?” Jibu lilikuwa limeketi dirishani, na mikono ikashuka mmoja mmoja. Juzi usiku, baada ya kikao cha maandalizi, mjomba alimwita binti aliyeandika historia hii akamwambia, “Soma na kosa langu. Usipolisoma, nitasimama nilisome mwenyewe.”

Tarehe 11 Februari 2019 Sikio alidai kurudishwa hospitali, si kwa maumivu bali kwa ajili ya ile fomu, ambayo alikuwa ameiimba kwa wiki nzima mpaka tukaelewa. Aliketi mbele ya daktari aliyeiandika, akaiweka mezani, akagonga, akaimba, “Futa.” Daktari aliomba arudie, akarudia, na daktari huyo, ambaye yupo hapa nasi leo, alichukua kalamu, akakata mstari juu ya maneno yake mwenyewe, akaandika chini yake, “Anaelewa. Huongea kwa kuimba. Apewe muda,” akatia sahihi na tarehe. Kuna watu wengi waliosoma ambao hawajawahi kufanya hivyo mara moja maishani.

Aliishi miaka mingine minne na miezi minane nyumbani kwake. Aligombana na sisi kwa kuimba, akanunua mboga mlangoni kwa kuimba, akimshusha muuzaji bei mpaka muuzaji akaomba afadhali wazungumze kwa ishara, na aliwafundisha wajukuu zake wanne nyimbo ambazo mama zao walikatazwa kuzirekebisha. Mwezi Agosti mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa kusukuma damu, miguu ikavimba, akalazwa tarehe 18 Oktoba. Madaktari walieleza kwamba upasuaji upo, kwamba ni mgumu na unaweza kumchukua mezani, na safari hii hawakutuuliza sisi. Walivuta kiti, wakamweleza yeye, wakangoja. Alikaa na jambo hilo siku mbili nzima, na tulipojaribu kumshawishi alitugongea kitanda tunyamaze, kisha akawaimbia, “Nimesikia. Nyumbani.” Binti yake wa mwisho hakukubaliana naye, alilia korido nzima, akabishana naye kwa hoja alizoziandika kwenye karatasi kwa mpangilio, na akashindwa, kwa sababu kupatia au kukosea, uamuzi ulikuwa wake.

Alirudi nyumbani tarehe 27 Oktoba, na akafariki dunia Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, wanawe wote watatu na fundi cherehani wakiwa chumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi miwili na siku kumi na tisa. Adhuhuri ya siku hiyo alikuwa ameanza mwendo mpya, mistari miwili, bila maneno. Haukukamilika, na hatutamruhusu mtu yeyote aukamilishe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, na zaidi wale waliojifunza kungoja, mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye hatuamini mpaka leo kwamba lilikuwa vumbi, majirani wote wa mtaa, na fundi cherehani, ambaye alimlisha mama yetu siku tuliyokuwa tunamuua kwa heshima, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliokuja leo wakiwa na mikono yao mizima, na mjomba wetu, kwa ujasiri wake. Waliotaka historia fupi tunawashukuru pia kwa kutusikiliza hadi mwisho.

Mama, tumekupangia mengi maishani mwako, pa kukaa, pa kwenda, la kusema, na kila mara ulitushinda. Leo hatukupangii. Pumzika kwa amani, kama hilo ndilo ulitakalo.